Prado au Probox? Jibu kwa mkandarasi wa Kisumu

Msomaji mmoja wa Kisumu ameniandikia hivi: “Mimi ni mkandarasi mdogo. Kazi zangu ni kalavati, mabomba ya maji na vyoo vya shule. Nina Probox ya mwaka 2014 na haijawahi kunisumbua. Lakini kaka yangu mkubwa anasema naaibisha nyumba yetu, na wenzangu wa kazi wanasema tenda za maana hazipewi mtu wa Probox. Nimeweka akiba ya milioni 2.4. Kuna yadi ina Prado ya dizeli kwa milioni 5.4, na wako tayari kupokea hizo zangu kama amana, zilizobaki nilipe kwa miezi 36 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Desemba tunaenda kwa wakwe. Je, ninunue? Au huu ni ushamba tu wa kutaka kuonekana?”

Ndugu mkandarasi, nianze na hilo la mwisho. Si ushamba. Anayekwambia gari ni chuma tu cha kukutoa hapa hadi pale, muulize kama amewahi kufika matangani huko Gem au Bondo akiwa na Probox. Mlangoni mwa boma kuna vijana wawili watatu wa kamati, wana fimbo na kitambaa chekundu. Prado ikitokea, kamba inashushwa kabla haijasimama, inaelekezwa ndani mpaka kwenye kivuli cha mwembe, karibu na hema la wageni. Probox, Fielder na Vitz zinaonyeshwa kando ya barabara, tairi mbili juu ya lami na mbili mtaroni. Hakuna aliyechungulia kuona nani yumo ndani. Baadaye mshereheshaji atamtafuta “mgeni wetu wa gari jeupe” aje asalimie watu, na aliyetembea kutoka mtaroni ataendelea kutafuta kiti cha plastiki.

Kwa hiyo kaka yako hasemi uongo. Wala wenzako hawasemi uongo wote. Mwenye hadiwea atakupa simiti mifuko 200 kwa ahadi ya mdomo ukishuka kwenye Prado, na atakuomba hundi ukishuka kwenye Probox, ingawa Prado inadaiwa na Probox ni yako. Askari wa geti la hoteli anajua hivyo hivyo. Polisi wa barabarani pale Awasi anajua hivyo hivyo. Kukana haya ni kujifanya hatuishi Kenya.

Kazi yangu ni kuthamini magari hapa Nakuru, kwa kampuni za bima na kwa wakopeshaji, na nafika upande wenu mara kwa mara. Kwa hiyo magari haya nayaona kwa nyuma pia: bonneti ikiwa wazi, logibuku ikiwa mezani, na mara nyingi mwenyewe akiwa hayupo.

Baba zetu walikuwa na Peugeot 504. Mwalimu mkuu akiwa na 504 stesheni wagoni, kijiji kizima kilimjua kwa mlio. Juu yao walikuwa wale walioitwa Wabenzi, na tangu miaka ya sitini mwananchi amewatazama kwa macho mawili: jicho moja linatamani, jingine linauliza zimetoka wapi. Macho hayo hayajabadilika. Juni 2009, Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha alitangaza kwenye bajeti kwamba mawaziri na maofisa wakubwa waache magari makubwa, watumie yenye injini isiyozidi cc 1800. Serikali ikanunua Volkswagen Passat. Baadhi ya mawaziri walivuta miguu wee, maana kushuka kutoka Mercedes hadi Passat mbele ya wapiga kura wako ni kama kuvuliwa cheo hadharani. Passat ni gari zuri sana, kwa taarifa yako. Injini yake haikuwa na ubaya wowote. Ubaya ulikuwa kwamba kila mtu alijua ni ya agizo.

Halafu ikaja 2024. Muswada wa Fedha wa mwaka ule ulipendekeza kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isipungue shilingi 5,000 na isizidi 100,000. Hebu ipigie hesabu. Probox ya milioni moja ingelipa 25,000, yaani asilimia 2.5 kamili. Land Cruiser V8 ya milioni 15 ingelipa 100,000, ambayo haifiki hata asilimia moja. Kipengele hicho kiliondolewa kabla ya kura, na muswada wenyewe ukaachwa baada ya maandamano ya Juni 25. Lakini nadhani watu waliielewa vizuri ile hesabu. Hasira za vijana siku zile zilielekezwa sana kwa wanasiasa waliokuwa wakijionyesha na saa, mikanda na misafara. Hawakuwa wamechukia gari. Walichukia kuulizwa wao walipe, na anayewauliza amekaa kwenye kiti cha ngozi walichokinunua wao.

Nakwambia haya kwa sababu wewe unakula kazi za kaunti. Mkandarasi anayelipwa na fedha za umma akitokea na Prado ya mwezi jana, wananchi wa kata ile ile uliyowajengea kalavati hawatasema “amefanya bidii”. Watakwenda kuitazama kalavati upya. Muuza vitenge wa Oginga Odinga Street akinunua Prado haulizwi swali hilo, au anaulizwa kidogo. Ni dhuluma kwako, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa tenda. Hapa wenzako wanachanganya mambo mawili. Kuna meza ya kahawa, na kuna kamati ya tathmini. Kwenye meza ya kahawa Prado inaongea. Kwenye kamati, chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, zinazoongea ni karatasi: cheti cha kodi cha KRA, cheti chako cha NCA (mamlaka ya ujenzi) cha daraja husika, CR12 ya kampuni (hati inayoonyesha wenye kampuni), hesabu zilizokaguliwa, kazi ulizowahi kufanya, na orodha ya vifaa. Fungua nyaraka ya tenda yoyote ya kalavati au barabara usome hapo kwenye vifaa. Watataka tipa, mashine ya kuchanganya zege, ya kushindilia udongo, na mara nyingi pikapu, na wataomba nakala ya logibuku kuthibitisha ni vyako au mkataba wa kukodi. Prado haina alama pale. Sijawahi kuona nyaraka inayompa mtu alama kwa Prado.

Utaniambia mambo ya kweli huamuliwa kwenye kahawa kabla karatasi hazijafunguliwa. Pengine. Sitajifanya mtoto. Ila basi ujue kahawa hiyo nayo ina bei, na anayekuona na Prado anaipandisha. Hilo hawakukwambia. Mwenye Probox huombwa elfu kumi ya harambee, mwenye Prado huombwa laki. Mwenye Probox akisema “mwezi huu nimebanwa” anaaminika. Fundi wa gari naye vile vile: pedi zile zile za breki, bei inaanza na macho yake kukagua umevaa nini.

Tuje kwenye yadi yako, maana hapa ndipo pana moto.

Asilimia 3 kwa mwezi inasikika ndogo. Unabakiza milioni 3. Riba hiyo, kama yadi nyingi zinavyofanya, inahesabiwa juu ya milioni 3 zote tangu mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, hata ukiwa umeshalipa nusu. Yaani 90,000 kila mwezi kwa miezi 36, ambayo ni milioni 3.24 ya riba peke yake. Utalipa 173,000 na ushei kila mwezi. Mwishoni Prado ya milioni 5.4 itakuwa imekugharimu milioni 8.64, na wakati huo itakuwa imezeeka miaka mitatu. Waulize kwa maandishi: riba inahesabiwa juu ya mkopo wa mwanzo au juu ya salio linalopungua? Wakianza kuzungusha maneno, jibu umelipata. Mkopo huo huo benki, kwa asilimia 17 kwa mwaka juu ya salio linalopungua, ungelipa kama 107,000 kwa mwezi. Bado ni nyingi, lakini tofauti ni zaidi ya 66,000 kila mwezi, karibu milioni 2.4 kwa miaka mitatu.

Weka na bima kubwa juu yake. Kwa asilimia 4 ya thamani, ambayo ndiyo naona mara nyingi huku kwetu, ni 216,000 kwa mwaka, na mkopeshaji hatakuruhusu uchukue ile ya watu wengine pekee. Tairi moja ya Prado ina bei inayokaribia ya tairi nne za Probox. Mafuta, ajabu, si tatizo kubwa vile watu wanavyodhani: Kisumu hadi Nairobi na kurudi ni kama kilomita 700, Prado ya dizeli itakunywa lita 70 na kitu, Probox 45 au 50. Mafuta ndiyo yanalalamikiwa kwa sababu yanaonekana pampuni. Riba haionekani popote.

Na wewe mapato yako si ya kila mwezi. Kaunti hulipa zinapolipa. Madeni ya kaunti kwa wakandarasi na wauzaji nchini yamepita shilingi bilioni 100 kwa jumla, na wewe mwenyewe unajua jinsi watu wanavyopiga kambi kwenye ofisi za fedha mwezi Juni kabla mwaka wa serikali kufungwa. Mkopo unadai tarehe tano ya kila mwezi, cheti chako cha malipo kinaingia Juni, au Juni ya mwaka ujao. Huo ndio mwanya ambao magari mengi hupotelea.

Nikupeleke mahali ambapo wauzaji hawakupeleki. Gari likinyang’anywa, huletwa kwenye uwanja wa kuhifadhia, nami naitwa kuweka bei mbili: thamani ya soko na thamani ya mnada. Ya pili huwa chini, robo ya bei au hata zaidi inaweza kuondoka hapo hapo. Kila siku gari linapolala pale linatozwa, na ada ya dalali inajumlishwa kwenye deni la mwenye gari. Nafungua mlango kuandika hali ya ndani. Koti la suti limetundikwa nyuma. Kwenye droo ya dashibodi kuna kadi za harambee, programu za mazishi, risiti ya kreti za soda, na barua ya kaunti inayosema malipo “yanashughulikiwa”. Karibu kila mara ni hivyo, yabadilike majina tu. Kilomita za gari lenyewe huwa chache. Limekwenda matangani, kanisani na hotelini, halikuwahi kufika kwenye kazi.

Walionyang’anywa wengi si wazembe. Ni watu wa kazi kama wewe waliolipa miezi 14 au 20 bila kukosa, kisha cheti kimoja cha malipo kikachelewa. Na mtu aliyeonekana akiingia na Prado akionekana tena kwenye matatu, hadiwea hawampi hata misumari kwa ahadi. Imani ile iliyokuja na gari huondoka nalo, na inaondoka na ile ya zamani ambayo Probox ilikuwa imekujengea pole pole.

Huku kwetu, ukienda Njoro au Mau Narok wakati wa kuvuna ngano, utakuta mzee wa gambuti anayeendesha Hilux iliyopauka mpaka rangi haijulikani. Kombaini yake shambani ina thamani ya Prado mbili tatu. Benki wanampa kiti kabla hajaomba. Wapo wanaosema basi watu wa Nakuru wanaficha mali na watu wa ziwa wanapenda kung’ara. Mimi sikubaliani sana na maneno hayo. Milimani ya Nakuru ina Range Rover za kutosha, na najua wafanyabiashara wa soko la Kibuye huko kwenu Kisumu wanaokwenda kwa miguu wakiwa na nyumba za kupangisha mitaa mitatu. Tofauti ninayoiona ni nani anakutazama. Mzee wa ngano anatazamwa na benki na dalali wa nafaka, nao wanajua bei ya kombaini. Wewe unatazamwa na watu wasiojua bei ya mashine ya kushindilia udongo. Lakini wanaokulipa wanaijua.

Ushauri wangu, basi. Usinunue Prado hiyo kwa masharti hayo. Siku ukiwa na fedha zake zote na ya bima kando, sitakuzuia, maana Prado inashikilia bei yake kuliko karibu gari lolote kubwa lililoko barabarani kwetu. Range Rover ya umri ule ule nisingekushauri hata ukipewa nusu bei. Saspensheni yake ya hewa ikianza kulala upande mmoja asubuhi, utajifunza dua.

Kwa milioni 2.4, au ukiongeza kidogo, tafuta pikapu ya kabini mbili iliyotumika hapa hapa nchini, Isuzu D-Max au Hilux, yenye historia ya matengenezo. Inabeba simiti na inabeba watoto. Matangani inaingia ndani ya boma. Nimeona kwa macho yangu, wale vijana wa kamba huipa heshima yake, labda si kivuli cha mwembe lakini si mtaroni. Logibuku yake ikiwa kwa jina la kampuni, inaingia kwenye orodha yako ya vifaa. Na kuna la kodi ambalo mhasibu wako akuangalizie: sheria ya VAT ya 2013 haikubali urudishiwe VAT ya gari la abiria kama biashara yako si kuuza au kukodisha magari, na kwenye kodi ya mapato gari lisilo la kibiashara linahesabiwa hadi shilingi milioni 3 tu hata kama ulinunua kwa 5.4. Pikapu ya kazi haina kizuizi hicho. Kabini mbili zina mabishano yake, ndiyo maana nasema muulize mhasibu kabla, si baada. KRA wamesema wazi kwamba wanatazama usajili wa magari na kuulinganisha na mapato mtu anayoyatangaza, na gari halisajiliwi bila PIN ya KRA. Faili zako za miaka mitatu iliyopita zinaonyesha mtu wa Prado?

Ukikataa ushauri wangu ukaenda yadi, basi angalau usidanganyike na namba. Namba ya KD inasema gari limesajiliwa lini Kenya, haisemi limetengenezwa lini, na kwa kuwa sheria inaruhusu magari ya hadi miaka 8 kuingizwa, “mpya” ya yadi inaweza kuwa imeshazunguka Japani miaka saba. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, chini kabisa kuna kitambulisho chenye tarehe. Mikanda yote iwe na tarehe za karibu; mmoja ukiwa wa miaka mitatu mbele ya mingine, gari hilo liligonga. Tazama mpira wa pedali ya breki: kilomita 60,000 hazimalizi mpira ukawa laini kama kipara. Na kwa shilingi 550 tu unaweza kulitafuta gari kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ujue mwenyewe halisi ni nani na kama kuna mkopeshaji amelishikilia. Tangu sheria ya 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika, deni linaweza kuwa limesajiliwa juu ya gari ambalo muuzaji anakuapia kwa Biblia kwamba ni safi.

Limebaki la wakwe. Hapo sitaki uende na Probox, nasema kweli. Wakwe ni wakwe, na kaka yako atakuwa na miaka ishirini ya kukukumbusha. Kodi Prado. Kisumu zipo, na dereva wake anavaa vizuri kuliko sisi. Kwa 15,000 hadi 20,000 kwa siku bila mafuta utaingia boma la watu ukiwa umekaa nyuma na wazee wako, mfuko ukiwa mzima. Kila mtu pale atajua imekodiwa, maana nusu ya magari ya sherehe za Desemba yamekodiwa, na hakuna atakayesema. Ila usingoje Desemba yenyewe. Kufikia mwisho wa Novemba magari mazuri yameshachukuliwa na bei imepanda, kwa hiyo lipa amana Oktoba, na uandikishe kwenye risiti ni gari gani hasa na namba yake, wasije wakakuletea Harrier asubuhi ya siku yenyewe.